Serikali Ilipofupisha Treni ya Baba Yako

Mwanangu Kabula,

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mwandishi anaeleza hali yake, na baada ya salamu ndipo mambo yanaanza. Hali yako naijua. Asubuhi umemaliza viazi vyote na kuuliza kama vimebaki vingine. Sasa hivi umekwenda na shangazi yako kuwaaga watu wa upande wa kisimani, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa. Hali yangu nawe unaijua. Basi salamu tumezimaliza.

Baba yako yuko uani na sanduku lako la bati. Amelifunga kamba, akalifungua, akalifunga tena, akarudi nyuma na kulitazama kwa jicho moja kama treni anayotaka kuiruhusu iondoke. Nimemwambia, "Baba Kabula, hilo ni sanduku, halina breki." Amenijibu nimwache afanye kazi yake. Nimemwacha, maana akiwa na kazi mikono yake inatulia.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako ameyasema tangu Jumapili, na naamini bado anayasema huko njiani. Nataka nikuandikie kisa kimoja ambacho umekisikia vipande vipande tangu utoto, kwa sababu kila mara baba yako hukisimulia mbele ya wageni na kukiharibu. Yeye huanzia mwisho, pale watu wanapocheka. Mimi nitakianza mwanzo. Kesho unakwenda Tabora kusomea kazi ya stesheni masta, msichana wa kwanza kutoka Ibanza, na siku moja amri ya serikali itafika mezani kwako ikisema treni iwe ndefu hivi au fupi vile. Ujue kwamba amri ya namna hiyo nusura inikoseshe baba yako, na wewe usingezaliwa.

Tena kuna jambo juu yako linalonitia hofu, nalo ni ukimya wako. Ulipokuwa bweni Kidato cha Pili uliugua malaria, ukanyamaza mpaka ukaanguka kwenye foleni ya uji. Uliposhinda mtihani ulikaa na habari hiyo moyoni siku nzima, ukifagia uwanja, mpaka baba yako akaisikia kwa watu. Unafikiri wakupendao wataona wenyewe. Ulipolipata hilo najua, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo, na karibu linigharimu. Kaa sasa usome.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa Minza, binti ya mtu, si mama ya mtu. Shamba letu la pamba lilikuwa ng'ambo ya kivuko cha reli, mwendo mzuri kutoka stesheni. Stesheni yenyewe ilikuwa hii hii: jengo moja, tangi la maji, reli kubwa, na pembeni yake ile reli fupi ya kupishania, ambako treni moja huingia ikasubiri nyingine ipite. Msimu wa pamba ukifika, waliokuwa wakipakia huko juu kuelekea Mwanza hawakuwa na kiasi. Waliunga behewa baada ya behewa, marobota ya pamba, ngozi, ng'ombe wa kwenda Dar es Salaam, mpaka treni ikawa kichwa kiko stesheni na mkia bado uko kwetu shambani. Kwenye ile reli fupi haikuenea hata kidogo. Zikikutana mbili, ndipo ungeona vituko. Wanakata mabehewa, wanayasukuma huku, wanayarudisha kule, na muda wote huo kivuko kimezibwa. Mikokoteni ya ng'ombe yenye pamba ya kupeleka ghala la ushirika imejipanga juani. Mjamzito anayekwenda zahanati amekaa chini, amechoka kusubiri. Kuna bibi harusi mmoja ilibidi apitishwe chini ya behewa, akatokea upande wa pili na grisi kwenye khanga mpya, akalia, na mashangazi zake wakalia zaidi kuliko yeye.

Watu wote waliilaani treni ndefu. Mimi sikuilaani. Mkia wake ulisimama kwenye mpaka wa shamba letu, na mkiani ndiko lilikokuwa behewa la gadi, msimamizi wa treni. Gadi naye, treni ikiwa imebaki nje hivyo, kazi yake ni kushuka na kusimama nyuma yake na bendera nyekundu, isije nyingine ikaigonga. Basi pale, kwa saa nzima na wakati mwingine zaidi, alisimama kijana mrefu wa Kinyamwezi, kofia imekaa upande, hana la kufanya ila kulinda mkia wa treni na kunitazama nikipalilia.

Mara ya kwanza aliomba maji. Nikampelekea kwa kata. Akanywa, akashukuru, akaomba tena. Alipoomba mara ya tatu nikamwuliza, "Kwani huko kwenu Tabora hakuna visima?"

"Visima vipo, dada," akasema. "Wa kukuletea maji ndiye hakuna."

Nikarudi kwenye jembe langu nikapalilia mpaka nikang'oa hata miche ya pamba pamoja na magugu. Bibi yako aliziona zile pamba jioni, akaziokota moja moja, akanitazama, hakusema kitu. Katika ukoo wetu kunyamaza tumeanza zamani.

Safari iliyofuata alikuja na chupa ya asali ya kwao. Nami nikamwekea matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha unavyovipenda wewe, na karanga zilizopondwa. Ikawa hivyo msimu mzima. Alimwamkia bibi yako kwa mbali, kofia mkononi, "Shikamoo mama!" na bibi yako akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu mambo. Tuliongea habari za mvua, za mbu wa Tabora na mbu wa Ibanza, za dereva wake aliyeimba nyimbo za kanisani kwenye mteremko. Neno lenyewe hatukuambiana. Mimi nilijua moyoni mwangu, na nilidhani kama mimi najua basi naye anajua. Yeye hivyo hivyo. Tuliona treni itakuwa ndefu siku zote, na palipo na muda mwingi hakuna haraka.

Kisha serikali ikaja na amri. Tuliitwa kwenye uwanja wa ghala la ushirika, bwana mkubwa akatoka wilayani, akasimama juu ya robota la pamba. Alisema serikali imesikia kilio cha wakulima. Kuanzia sasa treni ya mizigo kwenye njia hii isizidi urefu wa reli ya kupishania. Behewa la ziada litakatwa na kuachwa huko huko linakotoka, na atakayeruhusu liunganishwe atalijibia yeye mwenyewe. Kivuko kitakuwa wazi.

Kabula, uwanja ulilipuka. Ngoma zilitoka sijui wapi. Na aliyepiga vigelegele kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yako. Niliruka juu. Jirani yetu Mama Shija, yule aliyekuwa akiuza kuku wa kuchoma pale stesheni, akanivuta mkono.

"Minza, umeelewa alichosema?"

"Nimeelewa. Kivuko kitakuwa wazi!"

"Haya," akasema. "Piga tu vigelegele, mwanangu. Piga."

Nilielewa Alhamisi yake, treni fupi ya kwanza ilipokuja. Nilikuwa shambani na kata ya maji tayari na matobolwa ndani ya kitambaa. Nikasikia honi, kichwa kikapita, mabehewa yakapita, na behewa la gadi likapita nalo, halikusimama. Baba yako alikuwa dirishani. Aliinua bendera, akafungua mdomo, na kabla hajasema lolote amekwisha kupita. Treni ikaingia yote stesheni kama sime kwenye ala yake. Ilikuwa nzuri kuitazama, sitasema uongo. Mikokoteni ikavuka na wachungaji wakapiga miluzi ya furaha. Mimi nilisimama na ile kata mkononi, nikagundua kwamba nimeshangilia kuondolewa kwa mwanaume wangu.

Sikuilaumu amri na leo siilaumu. Ilikuwa amri njema. Wewe mwenyewe nilikuzaa zahanati, sikukuzaa juani nikisubiri mabehewa yakatwe. Ila nimejifunza kwamba hata jambo jema kwa watu wote lina mtu mmoja mahali fulani linalomkatia kitu, na mtu huyo mara nyingi yumo katikati ya umati akipiga vigelegele. Utakapokuwa na kofia yako na meza yako, ukipokea amri itekeleze, maana ndiyo kazi. Lakini tupa macho dirishani kidogo uone nani amebaki amesimama na kata ya maji.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Stesheni palikuwa pale pale. Treni ilisimama pale kila Alhamisi. Ningeweza kujifunga khanga nikaenda, na jua lisingesogea sana. Sikwenda. Nilijiambia kwamba msichana aliyelelewa haendi kufuata mwanaume stesheni mbele ya wauza kuku. Nikajiambia akitaka atakuja mwenyewe, miguu anayo. Kila Alhamisi behewa lake lilipopita nilikuwa nimeinama kana kwamba nimeona kitu cha maana sana kwenye udongo. Yeye alipunga bendera, mimi nikaonyesha mgongo. Baba yako ananiambia mpaka leo kwamba aliufahamu mgongo wangu kuliko uso.

Naye kwa upande wake alijiambia, "Hanitazami. Amekwisha kunichoka." Mtu mzima, anajua kusoma taa na bendera kwa umbali wa kilima kizima, mgongo wa msichana mwenye haya ukamshinda kusoma.

Mambo yangeishia hapo. Yaliishia hivyo kwa wengi, nawajua. Ila Jumanne moja Mama Shija alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Yule gadi wako wanamhamisha," akasema. "Anapelekwa njia ya Kigoma. Keshokutwa ndiyo safari yake ya mwisho hapa."

"Si gadi wangu," nikasema.

"Vizuri," akasema Mama Shija. "Basi nitamuaga mimi kwa niaba ya kijiji." Akaondoka zake.

Usiku ule na uliofuata nililala macho. Alhamisi nilipika matobolwa chungu kizima, nikajifunga khanga yangu ya Pasaka, nikachukua chungu kichwani. Bibi yako alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Akauliza, "Chungu chote hicho unampelekea nani?" Nikajibu, "Wasafiri." Akasema, "Msalimie huyo msafiri," akaendelea kupepeta.

Nilifika stesheni treni imekwisha kuingia. Na siku hiyo, kwa bahati zangu, serikali ilikuwa imemtuma mkaguzi kuja kuona kama amri inafuatwa. Mtu mfupi, suruali imenyooshwa, ana kamba ndefu ya kupimia na vijana wawili wa kuishika. Alikuwa akiipima treni kutoka kichwani kwenda mkiani, na stesheni masta anamfuata nyuma huku jasho linamtoka. Watu wote wametoka kutazama. Nami nikapita kando ya treni, upande wa wauza chakula, macho yote juu yangu, nimejikaza kama anayebeba sanduku la padri. Nikafika behewa la gadi. Nikagonga. Nikachungulia. Kofia iko juu ya kiti, mwenyewe hayupo.

Mkaguzi akamaliza kupima. Akatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba treni hii imetii sheria sawasawa, haikuzidi wala haikupungua, na iondoke mara moja, maana nia ya amri ni kuokoa muda, na nyingine inasubiri stesheni ya mbele. Dereva akapiga honi. Ili treni iondoke inataka bendera ya kijani ya gadi. Bendera haikuonekana. Dereva akapiga tena.

"Gadi yuko wapi?" akauliza mkaguzi.

Stesheni masta akatazama juu, akatazama chini. Ndipo Mama Shija, kutoka kwenye jiko lake la kuku mwisho kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani, "Gadi kashukia ule upande mwingine, kaelekea shambani kwa kina Minza. Kwa mwendo wake, sasa hivi yuko kwenye pamba anamtafuta."

Kabula, umeona jambo lenyewe? Nilipokuwa nakwenda upande huu wa treni, yeye alikuwa anakwenda upande ule. Treni ilikuwa katikati yetu. Tumenyamaza msimu mzima, na siku tuliyopata akili, tuliipata wote wawili saa ile ile na kila mtu akaondoka mahali pake.

Watu wote wakanigeukia, na mimi na chungu kichwani. Mkaguzi akatoa saa yake ya mfukoni. Alisema gadi aliyeiacha treni amejifukuza kazi mwenyewe, na alisema polepole, si kwa hasira, jambo lililonitisha zaidi. Kukimbia mpaka shambani nisingewahi. Kuita kwa jina, sauti isingefika. Nikakitua chungu. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka masikio yananipata moto. Nikapiga mwano.

Wewe umekua wakati wa utulivu, umeusikia mwano mara chache. Unajua lakini kwetu maana yake. Ni ile sauti ya juu ya kuomba msaada, ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu amevamiwa. Anayeusikia huacha alichoshika, hukimbilia unakotoka, na yeye mwenyewe huupokea na kuupeleka mbele. Asiyekwenda hutozwa faini. Na anayeupiga bure hutozwa faini kubwa zaidi, kwa sababu kijiji kikidanganywa leo, kesho hakitakimbia. Nilikuwa nayajua yote hayo. Niliupiga hata hivyo, kwa pumzi yangu yote, na wanawake wa kisimani wakaupokea, na wapaliliaji wakaupokea, ukaenda unatambaa juu ya mashamba mpaka nikausikia unalia kwetu.

Wakaja. Mama yangu, walikuja! Wanaume na fimbo na mikuki, wanawake na majembe, mafundi wa kinu cha pamba na nyuzi nyeupe kwenye nywele, mzee mmoja nusu ya ndevu zimenyolewa na nusu bado. Walitokea pande zote kwa mbio, wakaizunguka treni. Mkaguzi alidhani kijiji kimeasi amri ya serikali. Alipanda juu ya marobota ya pamba akiwa na kamba yake, akapunga mikono. "Jamani ndugu zangu, sheria hii si yangu! Mimi napima tu!"

Na katikati yao, mbele kabisa, alikuja baba yako. Kichwa wazi, vifungo viwili vimekatika, mkononi ameshika jembe langu alilolikuta shambani. Hakumtazama mkaguzi, hakuitazama treni. "Minza!" akapaza sauti. "Nani kakugusa? Yuko wapi?" Nilipomwona na lile jembe, tayari kupigana na mtu asiyekuwepo, nilijua kila nilichokuwa nataka kujua. Ningeweza kumkumbatia pale pale, lakini babu yako naye alikuwa amefika na upinde.

Kiongozi wa vijana wa kijiji, tunayemwita nsumba ntale, ndiye mwenye shauri la mwano. Akanyanyua fimbo watu wakanyamaza.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi."

"Ng'ombe wameibwa?"

"Hapana."

"Moto?"

"Hapana."

"Kuna mtu kafa?"

"Hapana."

"Sasa mwano wa nini, binti?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Treni ilikuwa inamwacha gadi."

Kicheko kilianzia kwa Mama Shija kikaenea uwanja mzima, na hata ng'ombe ndani ya mabehewa wakalia. Nsumba ntale peke yake hakucheka. Akasema mwano si filimbi ya kuchezea, faini yake ni mbuzi na chungu cha pombe, na itatolewa. "Nani anamsimamia huyu?"

Babu yako akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, baba yako akasema, "Mimi."

Kwa desturi yetu faini ya msichana hailipwi na mtu yeyote tu. Nsumba ntale akamkagua kuanzia viatu.

"Wewe ni nani wake hata ulipe?"

"Hesabu mwenyewe, mzee," akasema baba yako, na sauti ilimtetemeka ingawa anakataa. "Baba yake ni huyu hapa. Kaka yake ni yule pale. Imebaki nafasi moja."

Babu yako alishusha upinde taratibu. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, akatazama jembe alilolishika, akatamka maneno ambayo ukoo unayarudia mpaka leo kila tukiposa. "Sikiliza, kijana. Mbuzi wa faini hahesabiwi kwenye mahari."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilivipita vile vya siku ya amri. Nsumba ntale akanigeukia akauliza kama hayo yaliyosemwa nayakubali. Watu wote walisubiri. Mwano ulikuwa umenikausha koo, sauti haikutoka. Nilijaribu mara moja, ikatoka pumzi tupu. Na nikaogopa, Kabula, nikaogopa kweli, kwamba nitanyamaza tena na hata sasa watadhani nimekataa. Nikakusanya kilichobaki, nikasema kwa sauti mbaya ya chura, mbele ya baba yangu na kijiji na serikali, "Namtaka. Nilimtaka tangu maji ya kwanza."

Hakuna neno lililowahi kuniuma kulitoa kama lile, na hakuna lililonilipa hivyo.

Treni iliondoka imechelewa kuliko zile ndefu za zamani. Mkaguzi alishuka kwenye marobota, nikamkalisha, akala matobolwa ya chungu kizima, akasema hayumo katika mambo ya ndoa, yeye alitumwa urefu tu. Baba yako alipewa karipio na akapelekwa Kigoma kama ilivyokuwa imepangwa. Kabla ya masika alirudi na wajomba zake, na wewe ulifuata.

Usidhani nilipona ugonjwa siku ile. Nimenuna mara nyingi ndani ya nyumba hii, yeye yuko safarini hajui, anarudi anakuta uso umefungwa na hana ufunguo. Miaka mingi imepita nikimsubiri akisie. Hakisii, mwanangu. Wanaotupenda hawakisii. Wanapita dirishani na bendera wanaona mgongo. Sasa hivi nikitaka kitu nasema, naye hutaka sana kukifanya, na najilaumu kidogo kwa viazi vyote nilivyokula peke yangu kwa hasira.

Nimesikia ulivyomwambia shangazi yako jana. Ulisema, "Mwambie mama kesho asilie stesheni, wenzangu watakuwepo." Nimesikia, na nimelifikiria kwa heshima zote. Nitalia. Nitalia kwa sauti, na nitakuita kwa jina mpaka treni ipotee, na wenzako wakikuuliza yule ni nani utawaambia. Wewe panda, kaa dirishani. Huko uendako ukiumwa, sema siku hiyo hiyo. Ukifurahi, sema pia. Ukimpenda mtu usimwonyeshe mgongo. Na ukitukumbuka, usingoje mpaka uwe na habari kubwa.

Naona umerudi, mko mlangoni na shangazi yako na bado anaongea. Barua hii nitaitia kwenye sanduku baba yako akigeuka. Nilitaka niishie hapo, lakini nimeona aibu ya kukuandikia yote haya kisha nikakuachia wewe ukisie lililo kubwa. Nakupenda, Kabula. Nitakukosa kila siku. Naiweka kalamu chini sasa, nakuja hapo mlangoni nikuambie kwa mdomo.

Mama yako,
Minza